Kiingereza cha kortini: Maneno machache yanayoweza kumfunga mtu au kumweka huru

KATIKA mji mdogo wa Mogogosiek, eneobunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, mtu anaweza kumaliza wiki nzima bila kulazimika kutamka sentensi moja kamili ya Kiingereza. Nyumbani na shambani huzungumzwa Kikipsigis. Sokoni, ndani ya matatu na kwenye vituo vya kununulia majani chai husikika pia Kiswahili, hasa pale wachumaji kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi wanapokutana na wenyeji.

Hali hiyo hubadilika ghafla siku mtu anapofikishwa mahakamani, iwe ni Bomet, Sotik au Kericho. Hati ya mashtaka imeandikwa kwa Kiingereza. Hakimu huandika mwenendo wa kesi kwa Kiingereza. Fomu ya daktari, uamuzi na hati ya kifungo, zote ni za Kiingereza. Kati ya lugha hiyo na mshtakiwa aliyesimama kizimbani husimama karani mmoja wa mahakama, ambaye aghalabu ndiye mkalimani.

Ndiyo maana Kiingereza cha uhalifu na sheria si somo la wanafunzi wa sekondari na mawakili pekee. Ni maarifa yanayomhusu mkulima wa chai, mchumaji, mwendeshaji bodaboda na mama anayekwenda kituo cha polisi kuripoti kuwa amepigwa. Msamiati wenyewe si mwingi. Jambo linalowatatiza wengi ni kwamba maneno yanayofanana katika mazungumzo ya kawaida hutenganishwa na sheria kwa miaka mingi ya kifungo.

Kwa nini Kiingereza?

Kipengele cha 7 cha Katiba ya 2010 kinatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Kenya. Hata hivyo, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, katika kifungu cha 198, inaeleza kuwa lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ile ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kwa hivyo, hakimu wa Bomet anaweza kuendesha kesi kwa Kiswahili, lakini rekodi inayopanda hadi kwa majaji wa rufaa huwa ni ya Kiingereza.

Sheria zenyewe zilikuja na wakoloni. Kabla ya 1930, makosa ya jinai nchini yalishtakiwa kwa kufuata Kanuni ya Adhabu ya India. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambayo ndiyo Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1930, na sehemu kubwa ya maneno yake imebaki ilivyokuwa.

Yafaa ikumbukwe kuwa Waingereza wenyewe waliwahi kuteswa na tatizo hili. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, korti zake ziliendeshwa kwa Kifaransa kwa karne nyingi. Mwaka 1362 Bunge lilipitisha sheria ya kutaka kesi zisikizwe kwa Kiingereza, kwa hoja kwamba watu hawakuelewa yaliyokuwa yakisemwa kwa niaba yao au dhidi yao. Maneno kama "court", "judge", "jury" na "felony" ni masalio ya zama hizo za Kifaransa.

Kiswahili nacho kina historia kama hiyo. Sheria, hakimu, mahakama, shahidi, hukumu, adhabu na dhamana ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Kesi, faini, jela na korti yametoka kwa Kiingereza. Kuiba, kuua na mwizi ni ya Kibantu. Msomaji wa Kiswahili, kwa hivyo, si mgeni wa kuchanganya hazina za lugha tofauti ili kusema jambo moja la kisheria.

Nchini Tanzania, sheria iliyopitishwa mwaka 2021 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kenya haijafika hapo. Hadi itakapofika, mwananchi analazimika kuyafahamu maneno ya msingi ya Kiingereza.

Kusoma hati ya mashtaka

Hati ya mashtaka ina sehemu mbili kuu. Ya kwanza huitwa "statement of offence", yaani jina la kosa pamoja na kifungu cha sheria. Hapo ndipo hupatikana maneno "contrary to", yenye maana ya kinyume na, na "as read with", yaani kifungu fulani kikisomwa pamoja na kingine. Kwa mfano, wizi wa kawaida huandikwa kuwa ni kinyume na kifungu cha 268 kikisomwa pamoja na kifungu cha 275. Cha kwanza kinaeleza wizi ni nini. Cha pili kinataja adhabu.

Sehemu ya pili ni "particulars of offence", yaani maelezo ya kosa. Humo hutajwa tarehe, mahali, kitu kilichoibwa, thamani yake na mwenyewe. Yapo pia maneno yanayojirudia mno katika hati hizo: "jointly with others not before court". Maana yake ni kwamba mshtakiwa anadaiwa kutenda kosa akishirikiana na wengine ambao hawajafikishwa kortini. Mtu asiyeyaelewa anaweza kukubali mashtaka akidhani anaulizwa juu ya kitendo chake pekee, kumbe amekubali pia kuwa alikuwa katika kundi. Kama itakavyoonekana hapa chini, kuwa katika kundi kunaweza kubadilisha kosa lenyewe.

Majina ya watu nayo yana ngazi zake. "Suspect" ni mshukiwa, ambaye huenda bado hajashtakiwa. "Accused" ni mshtakiwa. "Convict" ni yule ambaye mahakama imempata na hatia. "Complainant" ni mlalamishi. Katiba, katika kipengele cha 50, inamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Neno "alleged" hufanya kazi ile ile ya "anadaiwa" katika magazeti: husema kuwa jambo limetajwa, lakini halijathibitishwa.

Vihusishi vya Kiingereza ndivyo huwakosesha wengi. Kiswahili hutumia "kwa" mara nyingi: kushtakiwa kwa wizi, kulaumiwa kwa wizi, kuhukumiwa kwa wizi. Kiingereza hubadilisha kila mara. Mtu huwa "accused of theft", kisha "charged with theft". Akipatikana na hatia huwa "convicted of theft" na "sentenced to two years". Akiondolewa hatia huwa "acquitted of theft". Njia iliyo bora ni kukariri kitenzi pamoja na kihusishi chake, kama mtu anavyokariri nomino pamoja na ngeli yake.

Wizi wenye majina mengi

Kiswahili kina mnyambuliko mzuri unaorahisisha mambo. Mtu husema "waliiba simu" na pia "waliniibia simu". Msemaji huyo akihamia Kiingereza huandika "they stole me", maneno ambayo Mwingereza huyaelewa kuwa yeye mwenyewe alichukuliwa na kupelekwa mahali. Vivyo hivyo, "niliibiwa" hugeuka kuwa "I was stolen".

Kanuni ni nyepesi. Kitenzi "steal" hufuatwa na kitu: "they stole my phone". Kitenzi "rob" hufuatwa na mtu au mahali: "they robbed me". Lakini tofauti si ya sarufi tu. Katika sheria, "robbery" si wizi wa kawaida. Ni wizi unaoambatana na nguvu au vitisho vya kutumia nguvu, na mtu hupatwa nao wakati wa wizi, kabla kidogo au mara tu baadaye.

Mlalamishi anayemwambia askari kwa Kiingereza "I was robbed", ilhali simu yake ilichukuliwa mezani akiwa msalani, ametaja kosa zito zaidi kuliko lililotendeka. Aliyenyang'anywa simu kwa kukabwa koo naye, akisema tu "my phone was stolen", amelipunguza kosa. Maelezo ya kwanza huandikwa, na siku ya kesi mashahidi huulizwa kwa nini ushahidi wao unatofautiana nayo.

Tofauti hizo huonekana wazi katika adhabu. Wizi wa kawaida, ambao ndio "theft", una adhabu ya hadi miaka 3. Mwajiriwa akiiba mali ya mwajiri wake, kosa huitwa "stealing by servant", na kiwango cha juu hupanda hadi miaka 7 chini ya kifungu cha 281. Mchumaji anayeondoka na gunia la majani chai ya shamba alikoajiriwa, kwa hivyo, hashtakiwi sawa na mpita njia aliyefanya vivyo hivyo. Wizi wa mifugo, "stock theft", una kifungu chake, cha 278, na adhabu ya hadi miaka 14.

Kuna pia tofauti ya "housebreaking" na "burglary", ambayo Kiswahili huijumlisha kwa maneno "kuvunja nyumba". Kosa likitendeka mchana ni "housebreaking", lenye adhabu ya hadi miaka 7. Likitendeka usiku ni "burglary", na adhabu hufika miaka 10. Usiku wenyewe haukuachwa kwa hisia za mtu. Kanuni ya Adhabu inaueleza kuwa ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Shahidi anayesema "in the evening" bila kutaja saa anaweza kuiacha kesi ikining'inia kati ya makosa mawili.

Kisha kuna wizi wa kimabavu, "robbery with violence", katika kifungu cha 296, ibara ya pili. Kifungu hicho kinataja hali tatu: mhalifu awe na silaha hatari, au awe pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi, au amjeruhi au kumpiga mtu. Neno linalounganisha hali hizo ni "or". Haihitajiki zote tatu zithibitishwe. Moja inatosha, mradi wizi wenyewe uwe umeambatana na nguvu au vitisho. Vijana wawili wanaomsukuma mlevi njiani na kumpokonya simu, bila kisu wala rungu, wanaweza kujipata wakikabiliwa na kosa ambalo adhabu iliyoandikwa ni kifo.

Hapo ndipo maneno "jointly with others" yanapopata uzito wake.

"Shall" na "liable"

Wanafunzi wengi hufundishwa kuwa "shall" ni njia ya kutaja wakati ujao. Katika sheria, "shall" ni amri. Maneno "is liable to imprisonment for three years" nayo hayana maana kuwa mtu atafungwa miaka 3. Maana yake ni kwamba anaweza kufungwa hadi miaka 3, na hakimu ana uhuru wa kumpa kifungo kifupi zaidi, faini au kifungo cha nje, kulingana na kosa lenyewe.

Tofauti ya maneno hayo imewahi kuamua uhai wa watu. Kifungu cha 204 kinasema kuwa anayepatikana na hatia ya mauaji "shall be sentenced to death". Kifungu cha 205, kinachohusu kuua bila kukusudia, yaani "manslaughter", hutumia "liable" na kuweka kifungo cha maisha kuwa kiwango cha juu. Kwa miaka mingi jaji aliyempata mtu na hatia ya mauaji hakuwa na la kuchagua.

Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kuwa ulazima huo ulikiuka Katiba, kwa sababu ulimnyima jaji nafasi ya kuzingatia hali ya kila mshtakiwa. Adhabu ya kifo haikufutwa. Kilichoondolewa ni ulazima wake. Julai 2021 mahakama hiyo ilifafanua kuwa uamuzi wake ulihusu mauaji pekee, wala si wizi wa kimabavu. Kenya haijamnyonga mfungwa yeyote tangu 1987.

Kwa wanaopenda sarufi, ipo nukta nyingine. Nguo iliyotundikwa kambani ni "hung", lakini mtu aliyenyongwa ni "hanged".

Tofauti ya "murder" na "manslaughter" yenyewe hutegemea nia, ambayo sheria huiita "malice aforethought". Nia ya kuua, au ya kumdhuru mtu vibaya, ndiyo hulifanya tendo kuwa mauaji. Nia hiyo, "intention", isichanganywe na "motive", yaani sababu iliyomsukuma mtu. Kugombania mpaka wa shamba ni sababu. Kuinua panga kwa lengo la kuua ni nia.

Fomu ya P3 na maneno matatu

Ugomvi wa mpaka, wa urithi au wa vilabuni ukimalizika kwa majeraha, mlalamishi huripoti kwanza kituoni. Ripoti huandikwa katika kitabu cha matukio na kupewa nambari, inayojulikana na wengi kama nambari ya OB. Baadaye hupewa fomu ya P3, ambayo daktari huijaza.

Katika fomu hiyo daktari hutakiwa kuchagua kati ya maneno "harm", "maim" na "grievous harm". "Harm" ni madhara yoyote ya mwili, ya muda au ya kudumu. "Maim" ni kuharibiwa au kulemazwa kabisa kwa kiungo au hisi, kama vile jicho kupofuka. "Grievous harm" ni madhara makubwa, yakiwemo yale yanayohatarisha afya kwa kiasi kikubwa au kuacha alama ya kudumu.

Chaguo hilo huathiri kesi nzima. Kumpiga mtu na kumsababishia madhara ya kawaida, chini ya kifungu cha 251, kuna adhabu ya hadi miaka 5. Madhara makubwa, chini ya kifungu cha 234, yanaweza kuleta kifungo cha maisha. Mlalamishi na mshtakiwa, kila mmoja kwa upande wake, ana sababu ya kulitafuta neno hilo katika fomu kabla ya jambo lingine lolote.

Katika makosa ya kingono pia, maneno hayabadilishani. "Rape" ni ubakaji, na swali kuu huwa ridhaa, "consent". "Defilement" ni kumnajisi mtoto aliye chini ya miaka 18, na mtoto hana ridhaa ya kutoa. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Anayeripoti kwa polisi anafaa kutaja umri wa mtoto mapema, kwa kuwa umri ndio hulitaja kosa.

"Ni kweli, lakini..."

Yote yaliyotangulia ni madogo yakilinganishwa na sekunde chache za kujibu mashtaka, "taking plea". Karani husoma shtaka, kisha mshtakiwa huulizwa kama ni kweli au si kweli. Kwa Kiingereza jibu huwa moja kati ya mawili: "guilty" au "not guilty".

Mila za wengi katika nyanda za chai haziulizi hivyo. Katika kokwet, yaani baraza la ujirani la Wakipsigis, aliyelaumiwa huombwa kueleza kilichotokea. Kusema ukweli mapema ni heshima kwa wazee, na hufungua njia ya fidia na upatanisho. Mtu aliyelelewa hivyo akisimama mbele ya hakimu na kuulizwa kama alimpiga jirani, hujibu kwa unyofu: "Ni kweli, nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyeanza kwa panga."

Kwa mujibu wa sheria, hilo si jibu la kukiri. Aliyejitetea dhidi ya panga ana utetezi, unaoitwa "self-defence". Lakini mkalimani mwenye haraka akilifupisha jibu hilo kuwa "it is true", mwenye utetezi amekuwa mkosaji.

Tahadhari juu ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao korti za Kenya zingali zinaufuata. Shtaka na viungo vyake vyote vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Akikiri, kiongozi wa mashtaka asome mambo yalivyotukia, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuyaeleza. Akiyapinga, kukiri kwake kufutwe na iandikwe kuwa amekana.

Sababu ya uangalifu huo iko katika kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Aliyehukumiwa na mahakama ya chini baada ya kukiri hawezi kukata rufaa kupinga hatia yake. Anaweza kulalamikia tu ukubwa au uhalali wa adhabu. Majaji wa rufaa huingilia kati pale kukiri kwenyewe kulipokuwa na utata, lakini kufika huko huchukua muda, na muda huo mtu huumaliza akiwa gerezani.

Katiba imempa mshtakiwa silaha za kujikinga. Kipengele cha 49 kinataka anayekamatwa aelezwe upesi sababu, kwa lugha anayoielewa, na afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata iwapo saa hizo zitaishia siku ambayo korti haikai. Kipengele cha 50 kinampa haki ya kupata mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha inayotumika. Haki hiyo haimhusu tu asiyejua Kiswahili kabisa. Anayekijua cha sokoni, lakini akashindwa na kile cha kizimbani, anaweza kuomba kesi yake itafsiriwe kwa Kikipsigis, Ekegusii, Dholuo au lugha nyingine.

Maneno manne ya Kiingereza yanayofaa kukaririwa hata na asiyejua mengine ni haya: "I need an interpreter". Yakishindikana, "Sielewi" linatosha, mradi lisemwe kabla ya kujibu shtaka.

Kuhusu upatanisho, sheria haijaukataa. Kipengele cha 159 cha Katiba kinahimiza njia za jadi za kusuluhisha mizozo, na kifungu cha 176 kinairuhusu mahakama kuhimiza maridhiano katika kesi za kupigana kwa kawaida na makosa ya kibinafsi yasiyo mazito. Jambo la msingi ni kwamba maridhiano huombwa waziwazi. Hayapatikani kwa kukiri shtaka na kutumaini huruma.

Kuachiliwa kwa namna mbili

Neno "ameachiliwa" hushangiliwa kijijini, lakini huficha maana mbili. "Acquitted" ni kuondolewa hatia. Mtu hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. "Discharged", hasa kesi inapoondolewa chini ya kifungu cha 87(a) kabla ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, ni kuachiliwa tu. Polisi wakipata ushahidi zaidi, anaweza kurudishwa kizimbani.

Wakazi wa Bonde la Ufa waliishuhudia tofauti kama hiyo kwa kiwango cha dunia. Tarehe 5 Aprili 2016, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai jijini The Hague, kwa wingi wa kura, waliikomesha kesi ya William Ruto na mtangazaji Joshua arap Sang kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Wengi walisema wawili hao wameondolewa hatia. Majaji hawakulitumia neno "acquitted". Waliyafuta mashtaka, na kusema kuwa hatua hiyo haizuii mashtaka mapya siku za usoni.

Ghasia hizo ziliacha funzo jingine la msamiati. Zaidi ya watu 200, wafanyakazi na wakazi wa shamba la chai Kericho waliovamiwa wakati huo, waliishtaki kampuni ya Unilever nchini Uingereza. Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ya London iliitupa kesi yao dhidi ya kampuni hiyo mama. Kwamba walishambuliwa halikuwa suala. Suala lilikuwa "duty of care", yaani kama kampuni iliyo London ilikuwa na wajibu wa kisheria wa kuwalinda watu walio Kericho. Majaji walisema haukuwepo.

Neno "dhamana" pia linahitaji kugawanywa. "Cash bail" ni pesa taslimu zinazowekwa mahakamani, na hurudishwa kesi ikiisha iwapo mshtakiwa alihudhuria kila mara. "Bond" ni ahadi iliyoandikwa, ambayo huweza kuhitaji mdhamini, "surety", aliye na mali kama hati ya shamba. Anayemdhamini mpwa wake kwa hati ya shamba la chai anafaa kujua kuwa mshtakiwa akitoroka, shamba hilo limo hatarini.

Namna ya kujifunza

Mwalimu wa Kiingereza darasani, au kikundi cha wakulima kinachokutana wikendi, hakihitaji vitabu vya gharama kuanza. Magazeti hubeba habari za mahakama kila siku kwa lugha zote mbili. Habari moja ikisomwa kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, msomaji atakusanya maneno kumi au kumi na matano ambayo yatajirudia katika habari ya kesho yake.

Maneno hayo yapangwe kwa kufuata safari ya kesi: kuripoti, kukamatwa, kushtakiwa, kujibu, kutoa ushahidi, uamuzi, adhabu na rufaa. Neno la mwisho, "appeal", lina muda wake. Anayetaka kukata rufaa kutoka mahakama ya chini hupewa siku 14, na hupaswa kusema kama anapinga "conviction", "sentence" au vyote viwili.

Katiba yenyewe inapatikana kwa Kiswahili, na kuisoma kipengele cha 49 na cha 50 kando ya nakala ya Kiingereza ni zoezi la jioni moja. Aidha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa ya kuwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Hakuna atakayegeuka wakili kwa kujua maneno 30. Atakachopata ni uwezo wa kutambua pale neno linapokwenda mrama: fomu inaposema "harm" ilhali jicho limepofuka, hati inapodai kundi ilhali mtu alikuwa peke yake, au karani anapolifupisha jibu refu kuwa neno moja. Wakati wa kusema hivyo ni pale pale, mbele ya hakimu, kabla kalamu haijaandika.